Darubini ya mtumba Nairobi: ipi uchukue, ipi uirudishe mezani

Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo Mnairobi anayependa pori haendi kutafuta bunduki iliyotumika. Anatafuta darubini. Na darubini nzuri ikiwa mpya ni ghali, ndiyo maana wengi wetu huishia kwenye mtumba: masoko ya Toi na Gikomba, maduka ya kamera katikati ya mji, au nyumbani kwa mgeni wa Gigiri anayefunga virago na kuuza kila kitu hadi sufuria.

Yangu ya kwanza nilidanganywa na namba. Iliandikwa 10-30x50, ya kuvuta karibu na kurudisha nyuma, na muuzaji akaniapia kwamba nitaona simba akipiga miayo kutoka ng'ambo ya bonde. Nilipofika Mbuga ya Nairobi nikaona ukungu unaotetemeka. Saa moja baadaye kichwa kilikuwa kinagonga. Niliiuza kwa hasara, na tangu hapo kila rafiki anayetaka kununua huniburuta niende naye sokoni.

Namba mbili zile zina maana rahisi. Katika 8x42, 8 ni mara ambazo kitu kinakuzwa, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, ndiyo duara la mwanga linalofika jichoni. Duara likiwa dogo, alfajiri na magharibi utaona giza, na hizo ndizo saa wanyama wanapotembea. Kadiri unavyokuza zaidi, ndivyo pia mtetemeko wa mkono unavyokuzwa. Muuzaji hakwambii hilo.

Kwangu basi, 8x42 ndiyo ya kwanza bila mjadala. Inatosha kwa faru aliyesimama mbali, inatosha kwa chozi anayerukaruka kwenye maua ya Arboretum, na unaishika bila mkono kuchoka. Inayofuata ni 8x32: nyepesi, inaingia kwenye mkoba, na mchana wa Nairobi una mwanga wa kutosha kwayo. Mama mwenye mtoto mgongoni ningempa hii kabla ya ile ya kwanza.

10x42 naiweka ya tatu, ingawa vijana wengi huitaka iwe ya kwanza. Ni nzuri kwenye uwanda wazi, ukiwa na mahali pa kuegemeza viwiko. Ndani ya gari la safari ni mateso mpaka dereva azime injini. Msituni Karura, ndege kama shorobo akipita juu ya matawi, utakuwa bado unamtafuta huku mwenzako mwenye 8 ameshamwona na kumsahau, maana 10 kwa kawaida huona eneo jembamba zaidi.

Ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ila nimeishusha kwa sababu inahitaji bahati: zile darubini za zamani zenye mabega, 8x30, kama Carl Zeiss Jena za Ujerumani Mashariki au za Kisovieti zenye maandishi ya Kirusi. Vioo vyake vinaweza kukushangaza kwa bei ya kibaba. Lakini hazikuzibwa dhidi ya maji kama za kisasa, zimepita mikono mingi, na moja ikianguka tu mara moja basi imekwisha. 10x50 huja baada yake, nzuri kwa nyota, nzito shingoni. 10x25 za mfukoni zina duara la milimita 2.5 tu, chukua kama huna kingine.

Za kuvuta karibu kama ile yangu ya kwanza, pamoja na zile zenye vioo vyekundu kama taa ya breki, ziache. Rangi hiyo nyekundu inarudisha nje mwanga ambao ungeuhitaji, kisha wanakuuzia kwa jina la darubini ya usiku.

Sasa ukaguzi, na hapa usione haya. Ukipewa darubini, kwanza itikise polepole karibu na sikio. Kitu kikigongagonga ndani, irudishe. Halafu washa tochi ya simu, elekeza mwanga kwenye kioo kikubwa, uchungulie kutoka upande huohuo kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, au madoa yenye vimizizi: hiyo ni kuvu. Hupenda unyevu, kwa hiyo darubini iliyokaa miaka kabatini Mombasa iangalie mara mbili. Kuvu ikishakaa inakula rangi ya kinga ya kioo, na hata fundi akiisafisha alama hubaki. Ukungu mweupe ulioenea ndani ni afadhali kidogo, lakini nao ni pesa ya fundi.

Inayofuata ndiyo inayowashinda wengi. Mapipa mawili ya darubini lazima yatazame mahali pamoja. Yakipishana hata kidogo, ubongo unalazimika kuyaunganisha, na hapo ndipo maumivu yangu ya kichwa yalipotoka. Toka nje ya duka, tafuta mstari mlalo ulio mbali, paa la jengo au waya wa umeme. Utazame, kisha isogeze darubini mbele pole pole mpaka iwe kama sentimita 10 kutoka machoni. Utaona picha mbili ndogo. Mstari ukiwa juu upande mmoja na chini upande mwingine, asante, kwaheri. Muuzaji atasema ni macho yako. Mwambie atazame yeye.

Bado uko nje? Inyanyue dhidi ya anga, umbali wa mkono, na uangalie zile duara mbili ndogo za mwanga kwenye vioo vya nyuma. Ziwe mviringo kamili. Zikikatwa pembeni kuwa kama mraba wenye kivuli, ndani kuna glasi ya bei rahisi. Na ukiwa na rula, pima: iliyoandikwa 10x50 inapaswa kutoa milimita 5. Ikitoa 3, mtu alikata mwanga ndani akaacha namba kubwa nje.

Mengine ni ya dakika moja. Gurudumu la kulenga lizunguke bila kukwama wala kulegea. Pete ya kurekebisha jicho moja isiteleze yenyewe. Mipira ya machoni ikiwa imepasuka si kitu, hubadilishwa. Mikwaruzo ya mwili pia si kitu. Mikwaruzo ya kioo cha nyuma, karibu na jicho, inaudhi zaidi kuliko ya kioo cha mbele.

Uliza imetoka wapi. Darubini ni kitu kinachoweza kuibwa kwenye gari, na kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi ni kosa hata kama ulilipa. Risiti ya zamani ikiwepo, piga picha. Namba iliyochongwa kwenye mwili ikiwa imekwaruzwa, ondoka. Na kwa wanaouza mtandaoni, M-Pesa haitoki mfukoni kabla ya kuishika darubini kwa mikono yako, mchana, mahali penye watu. Mimi huwaita karibu na uwanja wa Nyayo, pale kwenye migunga wanakotaga korongo wale wakubwa. Korongo anakaa juu ametulia kama mzee wa baraza, nawe una muda wa kumhesabu manyoya.

Kama hujawahi kutazama kupitia 8 na 10 kwa pamoja, subiri Jumatano asubuhi. Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, hufanya matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Watu huja na darubini za kila aina, na ukiomba kwa adabu, hutakosa wa kukuazima yake dakika mbili.