Klorini gani ya kununua kwa puli ya nyumbani Kampala, nazipanga kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho

Malalamiko ya watu wenye puli (bwawa la kuogelea) nyumbani huwa ni yale yale, naweka klorini jioni, asubuhi napima iko sawa, ikifika saa tisa mchana sufuri, sasa ninunue ipi yenye nguvu zaidi? Jamani nguvu sio shida. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, jua ni la mwaka mzima, na klorini isiyo na kinga nusu yake inaliwa na jua ndani ya saa moja hivi. Ukileta ile kali kuliko zote, jua litakula hiyo kali pia.

Kwa hiyo kabla hujagusa klorini yoyote, pesa ya kwanza iende kwa stebilaiza. Ni asidi ya sayanuriki, dukani wengine wanaiita kondishona. Tuchukue puli ya mita 8 kwa 4 yenye kina cha wastani mita moja na nusu, hiyo inabeba karibu lita 50,000, hesabu zote huku chini ni za hiyo puli. Unatafuta stebilaiza ppm 30 mpaka 50 (ppm ni sehemu kwa milioni, yaani miligramu kwa lita), na kufikia 30 ni kilo moja na nusu tu. Jua haliimalizi, inapungua maji yakitoka basi. Itie ndani ya soksi kuukuu, ininginize mbele ya tundu ambalo maji yanarudia, kila ukipita uminye, inachukua siku kadhaa kuyeyuka na siku hizo usioshe filta maana utaimwaga nje na pesa yako.

Kitu cha pili ni kipimo. Kile cha matone yanayogeuka njano kinasoma klorini yote kwa jumla, hata ile iliyokwisha kuchoka baada ya kukutana na jasho na mkojo, kwa hiyo unaona njano imekolea unafurahi na huku maji hayana ulinzi. Chukua kipimo cha DPD, kile cha rangi ya pinki, kinakupa klorini huru, ile ambayo bado ina nguvu ya kufanya kazi. Stebilaiza ikiwa 40 unashikilia klorini huru kwenye 3 hivi, pH (kipimo cha uasidi wa maji) kati ya 7.2 na 7.6. Na pH usiidharau, ikipanda mpaka 8 klorini inabaki ile ile kwenye kipimo lakini kazi yake inapungua.

Haya, tupange sasa.

Ya kwanza: unga wa kalsiamu haipokloraiti, asilimia 65 mpaka 70

Kwa mtu anayetumia maji ya bomba ya shirika la National Water, mimi hii ndio naweka mbele bila kusitasita. Ukisoma ushauri wa Wamarekani utaona wanaikimbia kwa sababu inaacha kalsiamu, na kwao maeneo mengi maji tayari ni magumu, yaani yana kalsiamu nyingi. Sisi maji ya Ziwa Victoria ni laini, kalsiamu kidogo inayoongezeka haikuumizi, tena inasaidia plasta na grauti za tailizi zisiliwe na maji. Haiongezi stebilaiza, inakaa muda mrefu ikiwa kavu, na inabebeka. Kupandisha ppm 1 unahitaji gramu 77 hivi za asilimia 65. Puli iliyo na stebilaiza ikipoteza ppm 2 kwa siku, hiyo ni kama gramu 150 kila jioni.

Mtego uko kwenye kununua. Ndoo ikifunguliwa dukani wanapimia kilo kilo kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), halina lebo, halina tarehe, unga umeshakunywa unyevu, na muuzaji anakuapia "ssebo hii ni orijino". Halafu kuna chokaa ya klorini ya asilimia 30 mpaka 35 ambayo kwa macho inafanana kabisa, bei ni ya chini, inaacha tope jeupe chini ya puli na unatumia mara mbili. Nunua ndoo iliyofungwa yenye asilimia imeandikwa, na ukitaka kulinganisha bei gawanya bei ya kilo kwa hiyo asilimia, usilinganishe kilo kwa kilo.

Kama una wasiwasi, kuna njia rahisi ya kuupima huo unga nyumbani. Jaza pipa la lita 200 maji ya bomba, pima klorini iliyomo tayari uandike. Chukua gramu 10 za unga, koroga kwenye lita moja ya maji, halafu mimina mililita 100 za hayo maji ndani ya pipa, koroga vizuri, pima tena baada ya dakika chache. Unga wa asilimia 65 utapandisha kama ppm 3 na kidogo. Ikipanda 1 na nusu, hiyo ni ya asilimia 30, mrudishie na mazungumzo yaanzie hapo.

Kutumia: maji yatangulie kwenye ndoo, unga ufuate, kamwe usigeuze. Mwaga kuzunguka puli jioni pampu ikiwa inatembea. Inapandisha pH kwa hiyo mtungi wa asidi utauhitaji pia, na asidi nayo inaingia kwenye maji, sio maji kwenye asidi.

Ya pili: klorini ya maji, asilimia 10 mpaka 12

Hii ndio safi kuliko zote kwa kemia, haiachi kalsiamu, haiachi stebilaiza, chumvi kidogo tu. Nusu lita ya asilimia 10 inakupa ppm 1. Kama maji yako ni ya kisima na ni magumu, wewe hii inakuwa namba moja, ule unga uachie wengine. (Na kisima chenye chuma, ukitia klorini maji yanaweza kugeuka rangi ya chai, usishtuke, ni kutu.)

Kwa nini basi naishusha? Joto. Klorini ya maji inajifia yenyewe ndani ya mtungi, na kadiri ilivyo kali ndivyo inavyokufa haraka, mtungi uliokaa dukani nje juani miezi miwili unaweza kuwa umepoteza sehemu kubwa na lebo bado inasema 12. Tena kuibeba, mtungi wa lita 20 kwenye bodaboda kwenye mashimo ya Salaama Road, kifuniko kikivuja ni suruali ya mtu hiyo na ngozi yake. Inunue kama unajua imetengenezwa lini, kidogo kidogo, iweke kivulini.

Ya tatu: mashine ya chumvi

Watu wanadhani ni puli isiyo na klorini, hapana, mashine inatengeneza klorini ile ile kutoka kwenye chumvi. Faida yake ni uthabiti, inatoa kidogo kidogo mchana kutwa, hakuna kusahau. Lakini inatoa tu pampu ikitembea, na wewe unaujua umeme wa kwenu. Bei ya kuanzia inauma, seli (sehemu ya mashine inayotengeneza klorini) inachakaa na miaka ikipita unanunua nyingine, pH inapanda kila mara, na chumvi ya kuanzia ni kama kilo 160 kufikia ppm 3,200. Chumvi iwe iliyosafishwa na isiyo na madini joto. Ile ya Ziwa Katwe waachie ng'ombe, ina madini mengine mengi ambayo hutaki yaguse seli.

Ya nne: tembe za trikloro

Hapa najua nitagombana na watu, maana ndizo zinazopendwa, unatupia kwenye kifaa kinachoelea unaenda zako. Shida ni kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa tembe ni stebilaiza. Tembe ya gramu 200 inaongeza klorini ppm 3.6 na stebilaiza ppm 2 na kitu. Tumia tembe nne kwa wiki, mwezi mmoja umeongeza kama 35, miezi mitatu umepita 100. Ndio unasikia mtu Munyonyo au Buziga anasema klorini inasoma 3 na maji ni kijani kibichi, stebilaiza imeishika klorini yote haina mkono wa kupiga mwani, na dawa yake ni kumwaga nusu ya maji na kulipia bili ya mapya. Tena zinashusha pH.

Pakiti ndogo nunua, kwa ajili ya Krismasi mkienda kijijini wiki mbili. Basi.

Ile ya punje inayoyeyuka haraka, daikloro, ni ndugu wa tembe na inaongeza stebilaiza hata zaidi, siioni sababu. Jik ya dukani, ile dawa ya kung'arishia nguo, inafanya kazi lakini ni maji mengi klorini kidogo, na zile zenye harufu ya malimao zisikaribie puli.

Ukibakiwa na hela nunua kifuniko cha puli, kinapunguza klorini inayoliwa mchana na maji yanayokauka, kisha msimu wa mvua, Machi mpaka Mei na ile ya Septemba mpaka Novemba, kinazuia majani na vumbi vinavyomaliza klorini usiku mmoja.

Kuhifadhi: unga na tembe zisikutane hata kwa kijiko kimoja, zikichanganyika zinaweza kuwaka au kulipuka. Na nyumba nyingi chumba cha pampu ndicho cha jenereta, dizeli kona hii, ndoo ya klorini kona ile, oili imemwagika katikati. Klorini ihamie chumba kingine leo hii, pakavu, penye hewa, na ufunguo asikae nao mtoto.