Adapta ya WiFi ya kuwekea Linux: iogope ile inayojifanya CD

Shilingi 25,000 niliziacha Kariakoo, duka la ghorofani, kwa kiadapta kisichozidi ukucha wa dole gumba. "Dada, hiki unachomeka tu, kinakubali kompyuta zote." Usiku nikaanza kuweka Debian 12, mojawapo ya Linux, kwenye laptopu ya mdogo wangu. Kufika kwenye mtandao, ikasema haioni kadi yoyote. Nikachomoa, nikachomeka, nikawasha upya, mpaka saa saba.

Nilipoandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, ndipo nikaiona namba ya utambulisho: 0bda:1a2b. Namba hiyo si ya WiFi, ni ya CD! Kikichomekwa, kidude kinajitambulisha kuwa CD yenye draiva (programu za kukiendesha) za Windows, na kinasubiri mtu akigeuze kiwe WiFi. Kazi hiyo hufanywa na programu ya usb_modeswitch, ambayo kuipakua kunataka intaneti, na intaneti ndiyo hiyo unayoihangaikia. Nikakigeuza kwa mbinde, kikawa WiFi yenye chipu ya RTL8821CU. Bado! Keneli (kiini cha Linux) ya Debian 12 ni 6.1, na draiva ya chipu hiyo iliingia kwenye 6.2.

Kwa hiyo, kwenye kuchagua adapta, habari za kasi na umbo sitazigusa. Nauliza moja tu: ndani kuna chipu gani, na inaamka ikiwa WiFi au ikiwa CD?

Namba moja ni ALFA AWUS036ACM, na upendeleo wangu siufichi. Chipu yake ni MediaTek MT7612U, draiva imo ndani ya keneli tangu 4.19 ya mwaka 2018, na inashika masafa yote mawili ya WiFi, 2.4 na 5 GHz. Ina antena mbili ndefu kama pembe, mezani haipendezi hata kidogo. Ninayo, na siiazimishi.

Namba mbili ni ALFA AWUS036NHA, yenye Atheros AR9271. Ya zamani, 2.4 GHz pekee, lakini haina longolongo. Hapa kuna mtego: TP-Link TL-WN722N ya toleo la kwanza ilikuwa na chipu hiyohiyo, kuanzia la pili wakaweka chipu ya Realtek, jina likabaki lilelile. Igeuze, soma ni toleo (V) la ngapi mgongoni. Muuzaji atakuambia zote moja. Si moja.

Kama ruta iko karibu, adapta ya USB ya waya wa mtandao yenye AX88179 au RTL8153 inatosha.

Njia ya bei chee? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, basi.

Nilikirudisha kile changu dukani. Hawafungui boksi kabla hujalipa, lakini siku hiyo kijana alikichukua haraka, akakichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows. Taa ya bluu ikawaka. "Si kinafanya kazi hiki, dada?" Kisha akanionyesha mhuri mwekundu kwenye risiti yangu: mali ikishauzwa hairudishwi.