TAHADHARI: Unatafuta kioo cha nyuma Gerezani? Kuna winga anauza plastiki

Jamani mnaokwenda Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea, kutafuta vioo vya gari, someni hapa kabla hamjatoa hata shilingi. Kuna winga (hawa madalali wa mtaani) kule kanibandikia plastiki nyuma ya Toyota Noah yangu, PLASTIKI, na nimemlipa hela ya kioo na ya soda juu yake. Nina hasira hata kuandika nashindwa, mkikuta herufi zimerukana mtanisamehe.

Kioo kilivunjikaje sirudii, wa karibu mnajua, shemeji na ngazi yake wameshasemwa vya kutosha. Ilikuwa Ijumaa na Jumapili ndo ile safari ya Bagamoyo, na mama mkwe alishatangaza anapanda gari yangu, hapandi ya mtu mwingine. Sasa nambie wewe, unampakia mama mkwe kwenye gari yenye turubai nyuma? Tena huyu huyu aliyesema kununua gari mkononi ni kununua matatizo ya mwenzio?

Nikashuka mjini. Gerezani mnaijua, hujazima gari mawinga wameshakuzunguka, huyu madam taa hizi hapa, huyu mama bampa, mwingine keshashika boneti hujamwambia kitu. Huyu wangu wala hakupiga kelele. Alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vioo, duka kabisa lina bango, vioo vimesimamishwa kwenye fremu za mbao vimetenganishwa na maboksi, vijana wa mle ndani wanamwita bro, anaingia mpaka stoo anatoka na kikombe cha chai. Mimi ningejuaje si wa pale? Mtu anakunywa chai ya dukani!

Akaitazama gari akasema, pole sana dada'angu, hicho kimemwagika punje punje eeh? Nikamwambia mpaka leo naokota kwenye kapeti. Akaanza kunisomesha taratibu, kwamba kioo cha mbele ni vioo viwili vimebanwa na utando katikati ndo maana kikipasuka kinabaki pale pale na nyufa zake, ila cha nyuma ni kimoja kimepashwa moto mkali kikapozwa ghafla kwa upepo, kinakuwa kigumu sana lakini kikipata pigo baya kinasambaratika chote kuwa punje ili kisimkate mtu. Na hayo yote ni kweli! Nimekuja kuuliza baadaye kwa mtu mwingine kabisa, ni kweli tupu. Matapeli wa saivi wanasoma jamani.

Akaniuliza Noah ya mwaka gani, mlango wa nyuma una waipa au hauna, antena ya redio iko juu au kwenye kioo. Maswali yote ya mtu anayejua kazi. Akasema cha Mchina kipo cha bei rahisi lakini yeye hanishauri, bora nichukue used ya Japani iliyotoka kwenye gari iliyokatwa, kitakaa mahali pake bila kulazimisha. Bei akaanza laki tatu na nusu, tukavutana tukavutana mpaka laki mbili na themanini, kioo, tinti na ufundi humo humo. Na hapo ndo akaniua kabisa. Akasema, "Dada'angu usinipe hata mia saa hizi, fundi afunge, ukague mwenyewe, ndo unilipe."

Sasa ninyi mnaonicheka kwenye grupu la familia (nawaona), nambieni ni tapeli gani anakataa advansi? Miaka yote tunaambiwa tapeli anataka hela mbele. Huyu hakutaka. Mimi nikasema huyu kijana kalelewa.

Kioo alikitoa mbele ya macho yangu. Alikibeba yeye na kijana mmoja, wakakiegemeza kwenye tairi za Noah yangu pale pale nje, akapangusa vumbi kwa fulana yake. Akanipa sarafu akasema gonga. Nikagonga, kikalia ngli, ngli, mlio wa kioo safi. Akaniinamisha kwenye kona akanionyesha maandishi yale madogo, jina la kiwanda na chini yake TEMPERED, nikasoma kwa macho yangu haya na miwani nilikuwa nimevaa. Akanionyesha mistari ya kahawia inayopita katikati, ile ya kupasha joto ukungu uondoke, na vile vibati viwili pembeni vya kuchomeka waya. Hakuna alichonificha. Nikampiga picha kioo nikamrushia mume wangu, akajibu na dole gumba. Kwaiyo hata yeye asiniletee maneno.

Alafu akasema sasa tinti. Akasema tinti inapigwa kioo kikiwa chini, kikishakaa garini mapovu hayaishi na kule kwenye pembe mkono haufiki. Inaingia akilini au haiingii? Kwangu iliingia. Kikafungwa blanketi, kijana akakiweka kwenye mkokoteni akakata kona nyuma ya duka kwa fundi tinti. Mimi nikawekewa kiti cha plastiki (mungu ana utani wake), nikaletewa juisi ya miwa, na winga kakaa pembeni yangu anaulizia watoto wanasoma wapi. Nilitaka kufuata mkokoteni, akasema kule nyuma kuna matope dada na viatu vyako hivyo. Nikatazama viatu vyangu nikakaa.

Kimerudi kimeshapigwa tinti nyeusi ti, blanketi lile lile, mkokoteni ule ule. Saa hizo adhana ya magharibi inaadhini, wingu limetanda, mimi nawaza foleni ya Morogoro Road na mvua. Fundi akaanza. Akapaka gundi, harufu ya siki imejaa gari nzima, nikauliza mbona inanuka siki, akasema ndo gundi ya Kijerumani hiyo. Akajaribu kuweka kioo, kona moja ikagoma, akachukua msasa akasugua ukingo kidogo, kikaingia. Nikamuuliza na zile waya za joto mbona zinaning'inia hujachomeka? Winga akacheka akasema dada, Dar hapa baridi ya wapi, unataka kioo kichemke? Nikacheka na mimi. Jamani si kilichekesha?

Mwisho akatoa stika, maneno ya baraka yamezungushiwa maua, akasema hii zawadi yako, akaibandika mwenyewe kwenye kona ya chini kulia. Kona ile ile ya maandishi! Nikasema asante.

Akaniambia nisigonge mlango wa nyuma, nisioshe, nisiguse kioo mpaka Jumatatu gundi ikomae, ila safari niende tu mwendo wa kistaarabu. Nikalipa kwa simu. Jina lililotokea ni la mwanamke, akasema ni la mke wake, yeye hela zote zinaingia kwa mke. Nikaona loo, kumbe wapo wanaume kama hawa. Nikamwongezea elfu tano ya soda. Risiti akaniandikia ya mkono, ina muhuri.

Jumamosi gari imelala. Jumapili tumetoka asubuhi, mama mkwe siti ya nyuma kabisa kwa sababu anapenda kukaa na wajukuu, vitenge vyake kavitandaza. Tegeta vizuri, Boko vizuri. Bunju nikaanza kusikia vup, vup, vup. Nikadhani dirisha la mtu. Tulipofika Mapinga barabara imefunguka kidogo, nimekanyaga themanini hivi, ukaja upepo wa lori lililotupita, nikasikia kitu kimebanduka priiiii alafu mama mkwe akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tangu niolewe. Kwenye kioo cha ndani naona kioo changu kinapaa, kinageuka geuka hewani, kinatua katikati ya lami. Nyuma kuna fuso. Fuso limekikanyaga.

Hakikuvunjika.

Namaanisha hakikumwagika. Kimepigwa na matairi ya fuso kikapasuka vipande vitatu vikubwa kama beseni. Nimeshuka nimesimama pale ukingoni nimeshika kipande, chepesi, kinakunjika, tinti inabanduka na chini yake hakuna mstari hata mmoja wa joto. Nikabandua stika. Kona tupu, safi, hakuna herufi. Watu wa bodaboda wameshajaa wanasema mama hii si ndo zile plastiki za mabango ya maduka? Mama mkwe ndani ya gari kimya, kilemba kimekwenda na upepo, hakusema kitu mpaka Bagamoyo. Kimya chake nyie hamkijui. Na shukuruni Mungu jamani, maana pale nyuma kulikuwa na watoto, na lile fuso lingekuwa bodaboda leo tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Jumatatu nimerudi Gerezani na kipande mkononi. Dukani wananiambia huyo si wa kwetu, ni winga tu, anakuja kuazima mzigo akionyesha mteja, akiuza anawaletea chao. Ijumaa aliazima kioo cha Noah akakirudisha jioni, akasema mteja kagoma bei. Yaani kile nilichogonga kwa sarafu kimerudi stoo kimelala, nimekiona! Na chai je, mnampaje chai mtu msiyemjua? Wakainama. Simu yake haipatikani. Huduma kwa wateja wameniambia hela ilishatolewa kwa wakala usiku ule ule wa Ijumaa, na kwamba sikukosea namba, nilimtumia niliyemkusudia.

Nimepata fundi mwingine, mzee mmoja huku huku Kimara, ndo kanifafanulia huku anatikisa kichwa. Kioo cha nyuma kikishatoka kiwandani hakikatwi wala hakisuguliwi, ukikigusa ukingo vibaya chote kinalipuka, kwaiyo ukiona fundi anapiga msasa ili kiingie hicho si kioo cha nyuma, ondoka. Hiyo plastiki inapashwa moto inakunjwa ifuate umbo. Gundi inayonuka siki ni silikoni ya madirisha ya nyumba na mabafu, ya gari ni nyingine na kabla yake kuna dawa nyeusi inapakwa kwenye bati na kwenye kioo. Na tinti inabandikwa upande wa ndani, kwaiyo maandishi ya kona lazima uyasome ukiwa nje hata kioo kiwe cheusi vipi. Gonga tena kikirudi. Gonga kila kinapotoka machoni pako. Risiti iwe ya mashine ya kodi, EFD, ina jina la duka, sio karatasi na muhuri, muhuri unachongwa popote mjini hapa. Kuna na mengine kayasema mzee nimeyasahau, akili yenyewe haijakaa sawa.

Ila ninachotaka mimi ni yule kijana akamatwe. Simsamehi. Mtu anayeweka plastiki nyuma ya vichwa vya watoto huyo si tapeli wa hela, huyo ni muuaji aliyekosa bahati. Apelekwe Segerea akae na joto bila feni, na kabla ya Segerea nampakia kwenye Noah siti ya nyuma, nimfungie plastiki yake kwa silikoni yake, niendeshe mia na ishirini mpaka Chalinze. Na yule fundi naye, maana alijua, na kijana wa mkokoteni, na huyo mke kama yupo, laini yake ndo iliyopokea. Mume wangu anasema nimuachie Mungu. Mungu nimemwachia, lakini na polisi nimewaachia, RB (namba ya taarifa yangu kituoni) ninayo.

Jina lake na namba siweki hapa, mnaijua sheria ya makosa ya mtandao ya 2015, nisije nikafungwa mimi yeye anakunywa chai. Ila ni mwembamba, ana mwanya, anaongea taratibu kiustaarabu, anasema dada'angu kila baada ya maneno mawili na anapenda kutoa stika. Kama ulifungiwa kioo Gerezani miezi hii na una stika ya maua kwenye kona, nenda kaibandue SASA HIVI usome chini yake kuna nini. Ukikuta patupu nitafute inboksi tuunganishe malalamiko, mpelelezi kanambia mlalamikaji mmoja wanamwona ana ugomvi wa bei tu, tukifika wawili watatu faili linakuwa na uzito. Na mwenye kujua mahali pa kupata kioo cha Noah cha kweli kweli anambie, gari imefungwa turubai uani na mama mkwe yupo mpaka mwisho wa mwezi.