Programu ndogo ya kompyuta ya duka: chukua Lazarus kwanza, Electron iwe ya mwisho

Swali linakuja sana siku hizi: nimepata kastoma ako na duka la spea Kirinyaga Road, anataka programu ya stoki na risiti, nitumie nini kuitengeneza? Na wengi wanajibu wakiangalia laptopu yao wenyewe badala ya ile mashini itakaa kaunta. Hiyo mashini tunaijua. Ni ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, RAM ni 4GB, ndani kuna Windows 10 na kuna zingine bado ziko Windows 7 na mwenyewe hana haja ya kubadilisha, intaneti ni hotspoti ya simu ya mwenye duka kwa hivyo akienda lanchi inaenda naye. Programu yako itaingia na flashi. Kwa hivyo mimi napanga nikiuliza vitu vitatu tu: faili ni kubwa kiasi gani, inataka kitu kingine kiinstoliwe kwanza ama inafunguka tu, na inafunguka kwa Windows gani. Utamu wa kuandika kodi (code) tutauangalia baadaye.

Namba moja kwangu ni Lazarus, kifaa cha kutengenezea programu zenye madirisha. Ndio, lugha yake ni Pascal, ile watu walifunzwa sekondari kwa somo la kompyuta wakaapa hawatairudia. Lakini angalia kile inakupa: unavuta vitufe unaviweka kwa fomu, unaandika kodi yako, inatoka exe moja, yaani faili ya programu inayofunguka yenyewe, haiulizi Java wala Python wala runtime yoyote (programu ya kuiendesha). Ni ya bure na unaruhusiwa kuuza kazi yako bila kulipa mtu. Kodi hiyo hiyo unaweza kuikompaili kwa Linux, na hata Windows 7 haiigomei.

Sasa kuna vitu viwili vinafanya watu waiache siku ya kwanza. Unakompaili fomu tupu yenye kitufe kimoja, unaangalia saizi, MB 20 na zaidi, unaanza kushangaa hiyo wepesi ilikuwa ya wapi. Hizo ni taarifa za kusaka bagi zimebebwa ndani ya exe. Ingia kwa mipangilio ya projekti, tengeneza modi ya Release, kompaili tena, inashuka inafika MB mbili tatu hivi. Ya pili ni SQLite, ambayo kwa duka ndio databesi ya maana kwa sababu ni faili moja na haihitaji seva: lazima uweke sqlite3.dll, faili ya SQLite yenyewe, kwa folda moja na exe, na kama exe ni ya biti 32 hiyo dll pia iwe ya biti 32. Kwako itafunguka vizuri kwa sababu iko mahali fulani kwa mashini yako, kwa kaunta ya mtu ikatae. Ubaya wake mwingine ni sura, iko tu kizamani, na ukitaka developa mwingine akushikie kazi hapa Nairobi utatafuta sana, vijana wako kwa JavaScript.

Delphi ni ya ukoo huo huo wa Pascal, imepambwa zaidi. Ile Community Edition ni bure mpaka mapato yako yafike dola 5,000 kwa mwaka, baada ya hapo unanunua leseni. Mimi ningebaki na Lazarus.

Namba mbili ni C#, lugha ya Microsoft, na WinForms, vifaa vyake vya kuchora fomu, lakini kwa .NET Framework 4.8 (runtime yake), usichanganye na .NET mpya. Hapa ndio watu wanapotea. Ile 4.8 iko ndani ya Windows 10 tangu toleo la Mei 2019 na iko pia kwa Windows 11, kwa hivyo exe yako inaweza kuwa KB mia chache tu na inafunguka bila kuomba chochote. Ukichagua .NET mpya, ama kastoma ainstoli runtime, ama uibebe ndani na saizi ipite MB 100. Kwa Windows 7 SP1 unabeba instola ya 4.8 kwa flashi na maisha yanaendelea. Visual Studio Community ni bure kwa mtu binafsi, ila ni GB kadhaa, hiyo usijaribu na bando, tafuta mahali kuna wifi ya kweli. Kama laptopu yako ina nguvu na kastoma wako wote wako Windows 10 kuenda juu, basi geuza mpangilio wangu, hii iwe ya kwanza.

Tatu, Tauri. Hii unachora programu kama ukurasa wa wavuti, ni ya wale HTML na CSS ziko kwa damu. Inatumia WebView2, sehemu ya Windows yenyewe ya kuonyesha kurasa za wavuti, badala ya kubeba brauza nzima, ndio maana instola inaweza kuwa MB chache. Windows 11 inakuja nayo, na Windows 10 nyingi zishaipata kwa apdeti. Shida ni ile mashini haijawahi kuona apdeti: instola itaenda kuitafuta kwa intaneti, na kumbuka mwenye hotspoti ako lanchi. Ukiamua kuibeba ndani unaongeza zaidi ya MB 120, wepesi umeisha. Windows 7 sahau. Na Rust, lugha ambayo Tauri imejengewa, lazima uisome kidogo, hata kama wanakuambia hapana.

Python na Tkinter (maktaba yake ya kuchora madirisha na vitufe) naweka ya nne, na najua nitatukanwa. Kuandika ni raha, kupeleka ndio kazi. Ukifunga kila kitu kwa exe moja na PyInstaller, kila ikifunguliwa inajitoa kwanza kwa folda ya muda, kwa diski ya zamani mtu wa kaunta anasubiri na foleni inamwangalia, na antivairasi zina mazoea ya kuiona kama virusi. Tumia onedir, yaani folda nzima, badala ya onefile, afadhali. Kwa Windows 7 mwisho ni Python 3.8. Na kabla hujauza, kama uliacha Tkinter ukatumia PyQt, maktaba nyingine ya madirisha, soma leseni yake, ni GPL (inakutaka utoe kodi yako wazi) ama ulipe, mwenzake PySide ndio iko na LGPL, iliyo laini zaidi.

Electron ni ya mwisho. Nayo ni ya HTML na JavaScript, na kila programu inabeba brauza ya Chromium na Node (ya kuendesha JavaScript) zake, hiyo ni MB 100 na zaidi kwa kitu cha kuhesabu breki padi, na kwa RAM ya 4GB itapigania nafasi na Chrome ya mwenye duka. Kama ni kampuni na mashini zote ni mpya, sawa, VS Code, programu ya kuandikia kodi, yenyewe imejengwa hivyo.

Yoyote utakayochukua, funga na Inno Setup, programu ya kutengeneza instola. Weka PrivilegesRequired=lowest ndio iingie kwa folda ya mtumiaji bila kuomba paswadi ya admin, kwa sababu hizo ex-UK mara nyingi hakuna anayeijua. Databesi iweke AppData, folda ya data ya mtumiaji, usiiweke Program Files, huko Windows haitakubali iandikwe na utapigiwa simu asubuhi. SmartScreen, ulinzi wa Windows, nayo itatoa onyo la bluu kama faili ilishukishwa kutoka intaneti na haina sahihi ya dijitali. Cheti cha kusaini kinalipiwa, na tangu Juni 2023 ufunguo wake lazima ukae kwa kifaa maalum, kwa hivyo kwa duka mbili tatu usikinunue, peleka na flashi uinstoli wewe mwenyewe.