Uzoefu wangu na bima ya afya: chupa moja ya insulini mwezi mzima

Habari zenu wapendwa. Mi nipo Dodoma mjini, Nkuhungu, nafundisha shule ya binafsi, na huu ni mwaka wa tatu natumia bima ya kampuni ambayo mwajiri ametukatia (jina la kampuni naomba niliache). Kwenye kadi nipo mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi kama mtegemezi, yeye anaishi Kibaigwa. Kila mwezi nakatwa kwenye mshahara na makato siyalalamikii, maana mama ana sukari na ndo sababu kubwa nilikubali.

Kwa magonjwa ya kuja na kupita wako vizuri, niseme ukweli. Mtoto akishikwa na homa unaenda, kadi inasomwa, unasaini, unachukua dawa unarudi nyumbani.

Shida ni ugonjwa wa kudumu. Mama anachoma insulini ile ya mchanganyiko, yuniti 26 asubuhi kabla ya chai na 14 jioni, jumla 40 kwa siku. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1000, sasa piga hesabu mwenyewe, 1000 gawa kwa 40 unapata siku 25. Na bima wanatoa chupa moja kwa mwezi! Nimesimama dirisha la dawa namuelewesha yule dada, akaniambia kwa upole tu "kaka, mfumo umekubali moja, nyingine kachukue famasi ya nje". Wala simlaumu, hata yeye alikuwa anaonesha kuumia.

Huko nje chupa nilinunua 18,000. Stripu za kupimia sukari ndo bima hawazigusi kabisa, boksi la 50 ni 35,000 na mama akipima mara mbili kwa siku zinaisha siku hizo hizo 25. Weka sindano, weka nauli ya basi Kibaigwa kwenda na kurudi, inafika kama 70,000 kwa mwezi na kadi ninayo mfukoni. Kuna miezi nilipata na kuna miezi ada za watoto zilinibana nikamwambia mama vumilia mpaka mshahara utoke, na hiyo kauli mpaka leo inaniuma.

Kumbe mama alikuwa anajipunguzia dozi. Badala ya 26 anachoma 18, ya jioni anaruka kabisa ili chupa ifike mwisho wa mwezi, na stripu akawa hapimi. Hakuniambia, mi nikimpigia ananijibu "niko salama baba, we angalia wanao". Mwezi wa nane akaanguka, majirani wakamkimbiza zahanati, mashine ikawa inaandika HI tu yaani sukari imepita uwezo wake wa kusoma, tukamleta mjini usiku huo. Ukweli wa kupunguza dozi mama alikuja kumwambia nesi wa wodini, sio mimi mwanae.

Akalazwa siku tano, dripu, vipimo kila baada ya masaa machache, kitanda. Bili ilipita laki nne na bima wakalipa yote bila swali hata moja. Nilikaa pale kwenye benchi nimeshika ile karatasi, nikawa nawaza chupa ya 18,000 tu. Laki nne wamelipa, hiyo 18,000 iliyokuwa inazuia yote haya hawakulipa. Jamani hiki kitu kinaumiza sana.

Kilichonisaidia ni daktari wa kliniki ya sukari, Mungu ambariki. Aliandika kwenye fomu dozi ya siku na jumla ya mwezi, yuniti 1200, akaandika na kwamba alilazwa kwa sababu ya kupunguza dozi, tukaomba kibali cha chupa mbili. Ilichukua wiki tatu na simu sijui ngapi, mwisho wakakubali. Kama una mgonjwa wa hivi usiishie dirishani, rudi kwa daktari aandike dozi kwa yuniti, asiandike "chupa 1", na nakala ya fomu ubaki nayo. Afu kabla hujasaini mkataba omba orodha ya dawa uisome jina kwa jina, mi nilisoma kurasa za mwanzo tu nikaona wodi nzuri nzuri nikaridhika.

Sheria ya bima ya afya kwa wote Bunge lilipitisha hapa hapa Dodoma 2023, basi wanaopanga vifurushi, wa serikali na wa makampuni, nawaomba dawa za kudumu wazihesabu kwa dozi ya mgonjwa, wasihesabu chupa. Na stripu nazo ziingie, mtu anachomaje insulini bila kujua sukari yake iko wapi?

Naipa nyota 2 kwa 5. Stripu bado nanunua. Ila mwezi huu mama kapewa chupa zote mbili, juzi jioni kanipigia mwenyewe akaniambia "leo nimechoma kumi na nne kamili baba".