Redio ya kuunga mwenyewe ya wati 10: anza kurekebisha umeme wake

Nina miezi saba na redio hii hapa Tabata. Ni uBITX, ile ya kupokea na kurusha kwa mawimbi mafupi inayokuja vipande vipande: bodi kuu, bodi ndogo yenye Arduino Nano (kompyuta ndogo inayoiendesha) na Si5351 (chipu inayotengeneza masafa), kioo cha mistari miwili, na transista mbili za IRF510 za kurushia. Sikio lake ni zuri mno. Jioni kwenye megahezi 7, waya wangu wa mita 20 ukiwa umefungwa kati ya mnazi na ukingo wa paa, nawasikia watu wa Afrika Kusini kana kwamba wako Kigogo. Hapo sina neno.

Neno langu ni umeme.

Bodi ndogo inakula volti 5, na kazi ya kushusha umeme hadi hapo imeachiwa reguleta moja ya 7805, imesimama peke yake bila bati la kutoa joto. Nilipima mkondo pamoja na taa ya kioo: ampea 0.16. Ukilisha redio volti 13.8, volti 8.8 zinazobaki zinageuka joto, yaani wati 1.4. Reguleta ya umbo lile ikiwa haina bati hupanda kama nyuzi 65 kwa kila wati. Sasa chukua chumba cha Dar mwezi wa pili, nyuzi 32: ndani yake inafika 123, na kikomo ni 125. Kristali ya Si5351 iko jirani kabisa na hilo jiko. Baada ya nusu saa masafa yalianza kuhama, na niliyekuwa naongea naye akaniambia sauti yangu imekuwa ya kubana pua.

Nilikimbilia kwanza kibao kidogo cha LM2596, nacho cha kushusha volti. Kweli hakipati joto. Lakini kinafanya kazi kwa kukata umeme kama mara 150,000 kwa sekunde, na kelele hiyo inajirudia kila kilohezi 150 kwenda juu. Kizidisho cha 47 kinaangukia kilohezi 7,050, yaani megahezi 7.05. Nilikikuta kinakoroma karibu na hapohapo ninapopenda kukaa. Nikakitoa siku ileile.

Dawa ilikuwa ya kizamani. Nilikwenda Kariakoo, mzee wa duka la vipuri akaniuliza, "Mwalimu, redio gani tena hizi?" akanipa 7809 mbili, reguleta za volti 9, kwa shilingi 2,000. Moja niliiweka mbele ya 7805, ili joto ligawane: wati 0.77 kwa 7809, wati 0.64 kwa 7805. Ile 7809 nimeifunga kwa skrubu kwenye ukuta wa boksi la alumini. Mgongo wake ni ethi, hauhitaji maika, kile kikaratasi cha kuzuia umeme. (Usithubutu hivyo kwa IRF510. Mgongo wa ile ni dreni, mguu wenye umeme, bila maika unaunguza kila kitu.) Betri ikishuka hadi volti 10, 7809 inatoa 8 hivi, na 7805 inatosheka na 7. Tangu hapo masafa yametulia.

La pili ni mita, kwa sababu redio haina hata moja. Umeme ukikatika natumia betri ya sola, na ni lazima nijue imebaki na nini. Nilifunga ile mita ndogo ya tarakimu nyekundu na bluu inayouzwa kila kona. Inasoma volti vizuri, ila ampea inazipima kwenye waya hasi. Nilipounganisha kompyuta kwa waya wa USB, nayo inakula betri hiyohiyo, sehemu ya mkondo ikarudi kupitia huko: mita ikashuka kutoka ampea 1.9 hadi 1.2, na redio inarusha vilevile. Mita inayokudanganya usiku wa giza sioni faida yake.

Niliyonayo sasa ni INA219, kibao kidogo cha kupima volti na ampea, inayopima upande wa chanya. Inatumia nyaya zilezile mbili za Arduino, A4 na A5, zinazozungumza na Si5351, wala haziingiliani, maana anwani zao ni tofauti. Mwisho wake ni ampea 3.2, zinatosha kwa redio hii. Programu niliongeza mistari michache, na mstari wa pili wa kioo unaonyesha volti na ampea. Hapo ndipo nilipoona kuwa nikirusha, volti zinaanguka kutoka 12.4 hadi 11.6. Waya wa betri ulikuwa mwembamba. Nikaweka wa milimita 2.5 za mraba, sasa zinaishia 12.1. Hata mkondo wa IRF510 zikiwa zimetulia nimeuweka kwa kusoma kioo hicho: miliampea 100 kila moja, bila kuazima mita ya maabara ya shule.

Kwa hiyo inunue, ukiwa na leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na mkono uliozoea waya wa risasi. Ila INA219 iagize pamoja na redio. Yangu niliisubiri wiki mbili. Jumamosi navuka Kigamboni kumfungia rafiki yangu ya kwake. 7809 ya pili ninayo mfukoni.