Mazoezi ya safari ndefu ya pikipiki: Unguja au bara?

Anayeitaka SaddleSore 1000, cheti cha Iron Butt Association, chama cha waendesha pikipiki wa masafa marefu, lazima amalize maili 1,000, yaani kama kilomita 1,610, ndani ya saa 24. Ajifunzie wapi?

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi. Ukitoka Makunduchi ukafika Nungwi, nchi imekwisha, geuza. Inachosha, lakini hapo ndipo utajua kiti kinakuumiza wapi, na mnyororo ukilegea fundi hayuko mbali. Kunywa maji kabla ya kiu. Joto letu lina unyevu, linakukausha kimyakimya.

Bara kuna vumbi la malori, usingizi wa mchana na hesabu ya mafuta. Dar hadi Dodoma pekee ni kama kilomita 450. Mimi ningeanzia kwetu, nivuke baadaye.